Kila Mwenye Mtungi ni Mkweo

Mke wangu anasema nikilala mchana mguu wangu wa kulia haulali. Unakanyaga mafuta, unaachia, unakanyaga tena, na mkono wa kushoto unatafuta gia ndani ya shuka. Zamani alikuwa ananiamsha. Siku hizi ananiacha niende zangu, anasema potelea mbali, nikisikia njaa nitarudi.

Kwa hiyo mjue, vijana wangu, kwamba huyu mzee mnayekuja kumpa shikamoo kila Jumapili hajastaafu sawasawa. Na swali lenu ni lile lile. Babu, ulikuwa unakimbia kiasi gani? Babu, uliwahi kulipita gari gani? Nikiwaambia mashindano yetu ya masafa marefu hayakuwa mambo ya kukimbia, mnacheka na kukonyezana. Haya, chekeni. Mashindano ya mchana kutwa na usiku kucha hashindi mwenye mguu mzito. Anashinda yule ambaye gari lake linafika likiwa bado ni gari. Magari mangapi ya kasi nimeyaona yakirudi kwao juu ya lori!

Leo nitawaambia habari za mlima mmoja na asubuhi moja. Mengine nitayachomeka humo humo yakinijia, maana kumbukumbu zangu hazipangi foleni.

Mimi ni Mmakua wa Lulindi. Misheni walinifundisha kusoma na kuimba sauti ya pili, na kama si injini pengine sasa ningekuwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake. Lakini Waingereza walileta ile kazi yao kubwa ya karanga kule Nachingwea, na vijana wa Masasi tukaenda kujaa huko. Karanga zilikataa, wenyewe wakafungasha, na sisi tukabaki na harufu ya grisi mikononi. Nilirudi Masasi nikiwa najua kufungua injini na kuifunga, na wakati mwingine hakubaki kitu chini.

Aliyenifanya dereva ni Che Abdala. Alikuwa Myao mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho, na aliendesha lori la tajiri mmoja wa Masasi. Tulipeleka Newala chumvi, nguo na mafuta ya taa, tukateremka na ufuta, mihogo mikavu na korosho. Che Abdala aliendesha pekupeku. Alisema kiatu ni kiziwi, mguu mtupu ndio unaosikia injini inalalamika wapi. Mimi nami niliendesha pekupeku mpaka nastaafu, isipokuwa wakati wa kupigwa picha.

Yeye ndiye aliyenifundisha mchanga. Ninyi mmezaliwa na lami, hamjui. Mchanga wa Newala ni mwekundu, mlaini, na una ubishi. Ukiuendea kwa hasira unakumeza mpaka kwenye ekseli. Dawa yake ni kupunguza upepo kwenye matairi kabla hujaingia, kushika gia moja na kwenda nayo taratibu, na kutogusa breki hata kama umemwona simba. Ukitoka, unajaza upepo tena. Siku moja nilisahau kujaza, tairi likachomoka kwenye ringi njiani. Che Abdala hakunigombeza. Alinipa pampu ya mkono, akakaa kando na muhogo wake wa kuchoma, akawa ananisifu. "Vizuri baba, vizuri. Mkono huo kesho utakuwa mnene." Nilipampu matairi yote, hata yale yasiyokuwa na shida. Sikusahau tena.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana bila hili hamtaelewa kilichonikuta.

Kule juu Newala, zamani zile, maji hayakuwepo. Namaanisha hayakuwepo kabisa: mto hakuna, kisima hakuna. Mabomba ya serikali yalikuwa ndiyo kwanza yanakuja, na hayakufika kwa kila mtu. Maji yalikuwa bondeni. Wanawake walitoka usiku, wakateremka ule mlima mpaka chemchemi, wakapanda nayo asubuhi kichwani, mtungi umefunikwa majani yasimwagike. Mtungi mmoja ulikuwa ni kazi ya nusu siku. Njia yao ya miguu ilipanda moja kwa moja, na barabara ya magari ilipanda kwa kujipinda, kwa hiyo kwenye kona kadhaa njia yao ilikata barabara yetu.

Siku ya kwanza tulipowakuta kwenye kona, Che Abdala alisimamisha lori mbali kidogo, akazima injini, akakunja mikono. Nikamuuliza, mbona na injini umezima?

"Mwenye mtungi kichwani hawezi kugeuza shingo," akasema. "Akisikia ngurumo hajui inatokea wapi. Atakimbilia porini, na pori lenyewe ni genge la kutumbukia bondeni. Halafu hilo vumbi lako litaingia kwenye maji aliyoyafuata toka usiku. Wewe unataka kunywa chai ya vumbi?"

"Sitaki, Che."

"Basi. Kila mwenye mtungi ni mkweo, mpaka apite."

Hapo nilicheka, maana nilikuwa sijaoa. Nilipooa nikaacha kucheka. Nilioa Newala, binti wa Kimakonde anaitwa Emiliana, huyu huyu anayenisema usingizini. Na kwetu ninyi mnajua, au mlipaswa kujua, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nilijenga nyumba yangu nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Na mkwe wa kike enzi zile hamtazamani! Humwiti, hampeani mkono, hamli pamoja. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia na kugeuka, na wewe unainamisha uso mpaka heshima ipite. Leo mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnagombania rimoti. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mimi, miaka yote ile, sura ya mama mkwe wangu sikuijua. Nilijua kisigino chake chenye kovu, kanga zake, na kikohozi chake cha asubuhi nyuma ya ukuta.

Basi. Pale Masasi alikuwepo Bwana Karim, mtoto wa mwenye duka kubwa, kijana wa Kihindi aliyezaliwa palepale na anayesema Kiyao kuliko mimi. Alikuwa amenunua gari dogo la rangi ya maziwa, na kichwani mwake hamkuwa na kitu kingine ila mashindano. Alinichukua kutoka kwenye lori niwe fundi wake. Fundi kazi yake ni kukaa kushoto, kusikiliza injini, kujaza maji kwenye rejeta, kuweka jiwe nyuma ya tairi, kusukuma, na kumwongelesha dereva asisinzie. Karim alikuwa dereva mzuri, nisimnyime haki yake. Kwenye changarawe tambarare sikuwahi kuona mkono mwepesi kama wake. Lakini mimi roho yangu ilikuwa kwenye ule usukani, nikiutazama toka kushoto mpaka shingo inauma.

"Bwana Karim, na mimi nishike kidogo."

"Usukani si uji, Hilari. Hauonjwi."

Na ukweli mwingine niuseme. Katika magari yote yaliyopangwa Mtwara siku ya kuanza, weusi tulikuwepo wengi, na sote tulikaa kushoto. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Ilikuwa tu hivyo, na kila mtu aliona ndivyo dunia ilivyo. Mimi sikuiona hivyo.

Tulitoka Mtwara mchana, tukazunguka kwa Lindi, na usiku wote tukawa tunakuja Masasi. Tulikuwa mbele. Nyuma yetu alikuwa bwana mmoja Mzungu wa shamba la mkonge, ana gari lenye nguvu na utingo wawili wa kusukuma. Kulipoanza kupambazuka nikaona Karim anatetemeka. Homa ilikuwa imempanda, meno yanagongana, usukani unacheza mkononi. Alisimamisha gari chini ya ile milima ya mawe ya Masasi, akahamia kushoto, akajifunika blanketi.

"Shika," akasema. "Sikia, Hilari. Ukinifikisha Mtwara tukiwa mbele hivi hivi, mashindano yote yanayokuja utaendesha. Ukiharibu, unarudi kwenye lori, na mimi usinijie tena."

Nikavua viatu.

Wanangu, ile asubuhi sijui niwaelezeje. Mawe ya Masasi yalikuwa yanageuka rangi, yakawa ya waridi, halafu ya majivu, halafu hayapo, ukungu umeyala. Sikuwa nimelala usiku kucha, na mtu ambaye hajalala huona barabara ndiyo inayokwenda na yeye amekaa. Barabara ilikuja yenyewe chini ya gari. Watu wa Lisekese waliokuwa wakienda shamba walisimama kando na majembe yao, wakainua mikono polepole, wakapotea. Nilisikia kila kitu kwa unyayo: injini imeshiba, mafuta yanashuka vizuri, tairi la nyuma kulia lina wasiwasi kidogo. Karim alikuwa anasema maneno ya homa, anamwita mama yake. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu, maana mwenzangu anaumwa na mimi naimba sauti ya pili ya nyimbo za Lulindi.

Kwenye mguu wa mlima nikapunguza upepo wa matairi, nikaanza kupanda. Ukungu wa Newala ulikuwa unateremka kutukuta. Kwenye kioo niliona taa za yule bwana wa mkonge, mbali, chini yangu kona mbili.

Kona ya tatu ndiyo ile. Ukungu ulifunguka kidogo, na nikaona mtungi. Mtungi peke yake, unaelea juu ya barabara. Halafu wa pili, halafu wa tatu. Halafu chini ya mitungi wakatokea wanawake, wanakata barabara mmoja mmoja, taratibu, bila neno.

Mtaniuliza niliamua nini. Sikuamua kitu! Mguu ulikwisha kutoka kwenye mafuta kabla kichwa hakijajua, na mkono ukazima injini. Katikati ya mashindano. Kwenye mchanga. Kwenye mlima. Hakuna dereva duniani angefanya upumbavu ule ila aliyefundishwa na Che Abdala.

Kimya kikaingia. Nilisikia maji yakicheza ndani ya mitungi, kwa jinsi kulivyokuwa kimya. Nilishuka nikaweka jiwe nyuma ya tairi, nikarudi kukaa. Nikahesabu moyoni: wakimalizika sasa hivi, bado niko mbele. Nao wakapita, wakapita, mpaka akabaki mmoja.

Huyo mmoja hakuvuka. Alifika ukingoni mwa barabara, akasimama, akanigeuzia mgongo, mtungi kichwani. Nikatazama chini, nikaona kisigino chenye kovu.

Mungu wangu!

Hawezi kuvuka mbele ya macho yangu, na mimi siwezi kuondoka yeye yuko pale. Na huku nyuma ngurumo ya bwana wa mkonge inapanda. Kulikuwa na njia moja tu. Nikateleza kwenye kiti, nikajikunja chini ya usukani, uso kwenye pedali, nikabaki huko.

"Hilari!" Karim alizinduka. "Hilari, uko wapi?"

"Niko huku chini, Bwana."

"Huko chini unafanya nini?"

"Mkwe wangu anapita."

Akavuta blanketi mpaka kichwani. Nadhani alifikiri ni homa. Honi ikalia nyuma yetu, ndefu, ya hasira, lakini barabara ilikuwa nyembamba na gari letu limeiziba. Nikasikia mlango unabamizwa, viatu vinakuja mchangani, na sauti ya yule bwana dirishani:

"Dereva wa gari hili yuko wapi?"

"Anasalimia," akajibu Karim toka ndani ya blanketi.

Nilingoja mpaka nikasikia nyayo zinakata barabara na majani ya upande wa pili yanasukumwa. Ndipo nikaibuka. Yule bwana aliponiona natokea chini ya usukani, mweusi, pekupeku, alisema maneno ambayo misheni hawakunifundisha. Niliwasha injini.

Sasa hapa tegeni sikio, ninyi wenye kutaka udereva. Gari likisimama mchangani kwenye mlima, usilazimishe mbele. Nilimwomba Karim ateremke na homa yake atoe lile jiwe. Nikaachia gari lirudi nyuma kidogo, ndani ya alama zangu mwenyewe, kwa sababu pale mchanga umekwisha kushindiliwa. Halafu nikalituma mbele ndani ya alama zile zile, taratibu, mguu unabembeleza, klachi inanung'unika, mpaka tairi likapita pale liliposimama mwanzo na kushika. Sikusimama tena. Karim alidandia gari linakwenda, blanketi linaburuta. Yule bwana wa mkonge alikanyaga kwa hasira, na gari lake likakaa chini. Utingo wake walisukuma pale mpaka jua likawa kali.

Tulifika Mtwara wa kwanza. Nilishuka nikijua usukani ni wangu.

Haikuwa hivyo. Bwana wa mkonge alikwenda kwa wazee wa mashindano, akasema nimemzibia njia kusudi. Tukaitwa. Nikaulizwa: ulisimama? Nilisimama. Ulizima injini? Nilizima. Gari lilikuwa na kasoro? Halikuwa nayo. Kwa nini basi? Nikasema wanawake walikuwa wanavuka na maji. Wakatazamana. Mmoja akauliza wanawake wangapi wanahitaji muda wote ule. Kumtaja mkwe mbele ya wageni sikuweza, ulimi ulikataa. Karim alikuwa amekaa, macho mekundu, hakusema neno. Wakatufuta kwenye mashindano.

Njia nzima ya kurudi aliendesha mwenyewe. Newala akanishusha. "Haya," akasema, "nenda kwa mkweo." Akaondoka, vumbi likanifunika, nami nikasimama pale na viatu mkononi. Niliumia, wanangu. Nililia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimeupata ule usukani kwa asubuhi moja, na nikauzima kwa mkono wangu.

Nyumbani Emiliana alinitazama juu mpaka chini. Akasema tu, "Baba Anjela, nenda kaoge."

"Nioge na nini? Maji ya kunywa?"

"Nenda."

Nyuma ya ua wa kuogea kulikuwa na mtungi. Umejaa mpaka mdomoni, umefunikwa majani mabichi. Nikarudi kumuuliza nani kauleta. Emiliana akashusha sauti.

"Jana aliteremka mara mbili. Asubuhi kwa maji yetu, jioni tena peke yake. Nilipomuuliza maji ya nini, akasema kuna mtu atakuja ana vumbi."

Mara mbili mlima ule, siku moja, na miguu ile. Kumshukuru sikuweza, maana tungesemezana vipi? Basi nilioga kwa kelele. Nilichota kwa kata na kumwaga kutoka juu, polepole, maji yaanguke kwenye mawe yasikike mpaka nyuma ya ukuta wake. Nikaimba na sauti ya pili. Nilipomaliza nikasikia kikohozi, kimoja, kifupi. Ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Karim alikuja baadaye, amepona, amekonda. Hakuingia ndani. Alinipeleka mpaka kona ile, akasimamisha gari palepale mchangani, akazima injini.

"Ondoka kama siku ile."

Nikaondoka. Akajaribu yeye, gari likazama. Tukalichimbua, akajaribu tena, likazama. Mara ya tatu likatoka, naye akacheka kwa mara ya kwanza. "Nimekuwa nikiwaza kitandani," akasema. "Gari linalokimbia hata mimi ninalo. Mtu wa kusimama pale na kuondoka, sikumwona mwingine." Akateremka, akazunguka, akaenda kukaa kushoto. Tangu siku hiyo ndipo alipokaa, mpaka bendera ya Waingereza ikashuka, na miaka mingi baada yake. Nairobi tulifika hivyo, na Kampala tulifika hivyo. Vikombe mnaviona hapo kabatini, Anjela ameweka vijiko ndani.

Mama mkwe alikuja kufa mabomba yamefika mpaka mlangoni kwake. Siku ya mazishi waliniambia sasa naruhusiwa kumtazama. Sikutazama. Niliinama kama siku zote, nikaona miguu.

Huyo ndiye ninayemwona nikilala mchana. Ukungu unafunguka, mitungi inakata barabara, inapita, inapita, na anabaki mmoja ukingoni, amenigeuzia mgongo. Nazima injini, nateleza chini ya usukani, nangoja avuke. Na hapo ndipo, anasema Emiliana, mguu wangu unatulia.